Gitaa Moja, Kamati Nzima

Binti wa dada yangu alipokuja kunipa habari kwamba anaolewa, alitamka maneno ambayo hapa Dar es Salaam hayajasikika siku nyingi. "Mjomba, nataka sendofu ndogo." Watu hamsini tu. Pilau, kachumbari, soda, na keki isiyo na ghorofa. Nikamwuliza, na muziki je? Akanitazama kama mtu aliyeona mbuzi asiye na mwenyewe. "Si wewe una gitaa? Utapiga wimbo mmoja tu, basi."

Kosa ni langu. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikilalamika mezani kwamba nyimbo za siku hizi hazina pumzi. Kabla mwimbaji hajafika kwenye kupenda kwake, msikilizaji ameshapigwa na ngoma nne, filimbi ya kompyuta, sauti ya mtu anayejitangaza kwamba yeye ndiye aliyetengeneza wimbo, na mlio fulani kama bati limeanguka kutoka kwenye lori. Hapo huweka kijiko chini na kuanza: zamani mtu alikaa na gitaa kavu, akaimba, ukasikia mpaka kidole kinavyoteleza kwenye uzi. Ukisikiliza Frank na Dada Zake wa Moshi, miaka ile ya 1950, unajua kabisa ni ndugu watatu wako chumba kimoja, hakuna aliyejificha nyuma ya mwenzake. Watoto husikiliza hotuba hiyo mpaka mwisho kwa sababu nyama iko upande wangu wa meza.

Kaka yake huyu binti ni prodyuza. Ana kompyuta, spika mbili, na godoro alilolipigilia ukutani ili majirani wasilalamike, nao wanalalamika vilevile. Siku moja nilimwekea "Masanga" ya Jean-Bosco Mwenda. Akasikiliza kwa adabu, maana amelelewa, kisha akauliza, "Mjomba, hii ni demo, siyo? Yenyewe iko wapi?"

Yenyewe iko wapi! Mwenda alizaliwa Bunkeya, Katanga, mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey, yule Mwingereza aliyezunguka nusu ya Afrika na mashine ya kunasa sauti, alimkuta Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, akamnasa akipiga peke yake. Hakuna besi, hakuna tumba, hakuna mtu wa kuitikia. Anaimba Kiswahili cha kwao, na mkono wa kulia unatumia vidole viwili, gumba na cha shahada. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene kama baba anayekwenda kazini kwa wakati wake. Cha shahada kinamfuata juu kama mtoto anayeruka madimbwi. Ukifumba macho unaapa wako wawili. Msomi mmoja, David Rycroft, alichapisha uchambuzi mrefu wa mchezo huo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwingereza mwingine, John Low, alifunga safari mpaka Lubumbashi kuwatafuta Mwenda na wenzake wa enzi hizo ili wamfundishe, akatoka na kitabu, *Shaba Diary*, kilichotolewa mwaka 1982. Kitabu kizima kwa ajili ya vidole viwili! Halafu mtu mwenye godoro ukutani ananiuliza yenyewe iko wapi.

Basi kwa mdomo huo nikawa nimejichimbia shimo. Gitaa lenyewe nililinunua Kariakoo, na mpaka siku ya ombi la mpwa wangu lilikuwa limening'inia sebuleni kama picha ya marehemu. Wazee wetu gitaa la namna hii waliliita galatoni, kutokana na yale magitaa ya bei nafuu ya Gallotone yaliyotengenezwa Afrika Kusini. John Lennon wa Beatles naye alianzia kwenye Gallotone. Ndilo alilokuwa nalo Julai 1957, kwenye sherehe ya kanisa kule Liverpool, siku aliyokutana na Paul McCartney. Ndani yake lilikuwa na karatasi ya kiwanda iliyoahidi kwamba halitapasuka. Langu halikuja na ahadi. Lilikuja na nzi aliyekufa ndani ya tumbo, na mpaka leo yumo. Ukilitikisa unamsikia.

Nikamtafuta kijana anayepiga gitaa kwenye kwaya ya mtaani kwetu anifundishe. Nikamwambia nataka "Malaika", wimbo ambao hata mtoto anaujua, na nina majuma sita. Akacheka. "Mzee, Malaika ni kodi tatu tu."

Kodi ndivyo wapiga gitaa wanavyoita zile nyuzi kadhaa zinazobanwa na kulia pamoja. Nimelipa kodi maisha yangu yote, lakini sikujua kuna nyingine zinazolipwa kwa ncha za vidole. Na hilo neno "tu" ningeliogopa kuliko yote. Kwa Kiswahili hakuna neno lenye madeni kama "tu". Fundi akikwambia ni waya tu umekatika, andaa laki. Jirani akikwambia anakuja kukaa dakika mbili tu, weka maji ya kuoga. Na kijana wa kwaya aliposema kodi tatu tu, moja katika hizo tatu ilikuwa F.

Asiyeijua F nimweleze. Kidole cha shahada unakilaza juu ya nyuzi zote sita, kama mlevi aliyelala kukingama njia, halafu vidole vingine vitatu vinatakiwa vimpite bila kumwamsha. Ukifanikiwa, nyuzi sita zinalia. Mimi mbili zililia, nne zikakohoa. Nilikaa na F majuma mawili. Ngozi ya vidole ilichubuka, ikapona, ikachubuka tena. Nilishindwa kumenya chungwa. Mke wangu, ambaye huo muda wote alikuwa anasuka ukili bila kusema kitu, jioni moja aliuliza, "Baba Watoto, huo wimbo una sehemu nyingine, au ndiyo hiyo hiyo?"

Mwishoni kijana akasema tuhamie ufunguo wa G, kwani huko kodi ni G, C na D, na F haipo. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia tangu mwanzo. Akasema alitaka kwanza nipate msingi.

Juma la nne hivi, vidole vikaanza kwenda vyenyewe. Hapo ndipo nilipoanza kuona kitu ambacho nilikuwa nakihubiri mezani bila kukijua. Kwenye bendi ya watu kumi na wawili ukikosea unamgeukia mpiga besi na kumkazia macho, watu wanaelewa. Kwenye gitaa kavu utamkazia nani, nzi? Nafasi kati ya kodi na kodi inasikika. Pumzi inasikika. Ukichelewa kubadili vidole, kuna shimo katikati ya wimbo, na kila mtu chumbani anatumbukia humo pamoja nawe. Lakini siku vidole vinapofika kwa wakati, ukaimba kwa sauti ya kawaida, ile unayoombea chumvi, wimbo unakaa mapajani kama paka. Nilifika mahali nikapiga sebuleni taa zimezimwa, na mke wangu akaacha kusuka. Hakusema neno. Aliacha kusuka.

Huku nyuma kamati ikaundwa.

Kwa wasiojua sendofu ya Kitanzania: kamati huundwa ili kusaidia, kama vile mafuriko huja ili kumwagilia. Kikao cha kwanza, wale watu hamsini wakawa mia na ishirini, kwa kuwa huwezi kumwalika shangazi mmoja ukawaacha sita. Kikao cha pili wakawa mia tatu, kwa kuwa sasa ukumbi ulikuwa mkubwa na ungeonekana mtupu. Keki ikaota ghorofa tatu na chemchemi. Kukawa na sare ya akina mama, sare ya akina baba, na sare ya wale wasiopenda sare. Bibi harusi mtarajiwa alikuwa amekaa pembeni akitabasamu, kama mtu aliyeagiza chai ya rangi akaletewa maziwa, tangawizi, iliki na bili.

Kikao cha tatu wakafika kwenye wimbo. Katibu, mama mmoja mwenye kalamu mbili, akaniangalia juu ya miwani. "Yaani mjomba, peke yake, na gitaa? Watu si watadhani michango haikutosha?"

Nikasimama kuutetea. Nikawaeleza kwamba wimbo huu Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na tangu hapo kila aliyeupata ameuongezea kitu. Miriam Makeba akauchukua, huyo namsamehe, akauimba pamoja na Harry Belafonte kwenye santuri yao ya mwaka 1965. Mwaka 1981 Boney M wakauvika viatu vya disko. Angélique Kidjo naye akaja na wake. Hata mwenyewe hajulikani kwa amani: Fadhili alisema ni wake, Adam Salim akasema ni wake, Grant Charo naye ana watu wanaomtaja. Wala siwashangai. Wimbo mgumu haugombaniwi. Wimbo mwepesi namna hii kila aliyeushika saa moja anahisi aliutunga. Mimi mwenyewe juma la tano nilianza kukumbuka mahali nilipokuwa nimekaa nilipoutunga.

"Isitoshe," nikasema, "ni wimbo wa kijana aliyeshindwa kuoa kwa kukosa mali. Sasa kijana amekosa mali, halafu nyuma yake kuna mashine ya moshi?"

Katibu akaandika kitu. "Watu hawasikilizi maneno, mjomba," akasema kwa upole. Mwenyekiti akaunga mkono: walau kuwe na ngoma. Nikasema kama ngoma ni lazima, basi chupa. George Mukabi wa magharibi mwa Kenya, aliyefariki mwaka 1963, nyuma ya gitaa lake kulikuwa na chupa ya Fanta, ile ya zamani yenye mistari, inakwaruzwa kwa kipande cha chuma. Hiyo ndiyo ilikuwa idara nzima ya ngoma, na watu walicheza mpaka wakapoteza viatu. Mweka hazina akapekua karatasi zake. "Soda tulizoagiza ni za plastiki," akasema, na ajenda ikafungwa.

Siku ikafika. Asubuhi mke wangu akaliangalia gitaa na kusema nyuzi zimeota kutu, zitaonekana kwenye picha. Ni kweli, hewa ya baharini haina urafiki na chuma. Kijana wa kwaya alikuwa ameniasa: mzee, nyuzi mpya hazitulii, zinavutika na kulegea siku mbili tatu mpaka zizoee, kwa hiyo usibadilishe siku ya shughuli. Lakini kijana wa kwaya hatakuwemo kwenye picha. Nikabadilisha.

Ukumbini, kati ya watu mia tatu, mimi peke yangu nilikuwa naomba umeme ukatike. Mtaani kwetu unakatika hata mtu akipiga chafya. Siku hiyo uliwaka kwa ukaidi wa hali ya juu, na nje jenereta lilikuwa limekaa tayari kama mchezaji wa akiba aliyekwisha kufunga kamba za viatu. Mshereheshaji, kijana mwenye koti linalometameta, akaja kuniuliza jina langu la kisanii. Nikamwambia sina. Akatangaza kwamba jukwaani anapanda mwanamuziki mkongwe wa kimataifa ambaye hapendi kujulikana.

Nikakaa kwenye kiti changu. Kiti cha mbao nilikuwa nimekuja nacho kutoka nyumbani. Wakakifunika kitambaa cheupe na utepe wa zambarau. Fundi mitambo akaja na maiki, akaitumbukiza nusu kwenye tundu la gitaa na kuibandika kwa gundi ya karatasi. Nzi akasikika ukumbi mzima. Kisha mpiga kinanda akaniinamia. "Mzee, unapiga ufunguo gani?" Nikasema G, lakini nashukuru, nitapiga peke yangu. "Usijali, nitakusaidia kidogo tu."

Tu.

Nilipiga kodi ya kwanza. Kabla haijamaliza kulia, kinanda kikaingia na vinubi, na ndani ya vinubi kukawa na ngoma ya kujipiga yenyewe, na ngoma hiyo ilikuwa na haraka kuliko mimi. Sikuwa na hila, nikaanza kuikimbilia. Mpwa wangu prodyuza, ambaye sikujua alikuwa kwenye mitambo, akaipa sauti yangu mwangwi, kwa hiyo kila neno nililoliimba lilirudi kuniuliza kama nina hakika. Waimbaji watatu wa kuitikia wakatokea nyuma. Wametoka wapi, nani aliwalipa, muulizeni mwenye kalamu mbili. Moshi ukaja. Ndani ya moshi nikaona mashangazi wanakuja kunitunza, wanacheza kwa mstari, na shangazi mkubwa akanibandika noti ya elfu kumi kwenye paji la uso lenye jasho, ikateleza ikaziba jicho la kulia. Sikuweza kuitoa kwa sababu mikono yote ilikuwa kazini. Wimbo wa maskini aliyekosa mahari niliumaliza nikiwa na shilingi elfu thelathini na saba mwilini.

Walipiga vigelegele, sikatai. Katibu alinikumbatia. "Mjomba, umeona sasa? Ulikuwa unajibania."

Nilichukua sahani yangu ya pilau na gitaa, nikatoka mlango wa nyuma nikanunie huko. Nyuma ya ukumbi kulikuwa na akina mama wa jikoni wanaosha masufuria, yale makubwa ambayo mtu anaingia nusu mwili kuyasugua. Nikageuza ndoo, nikakaa. Mmoja wao, mtu mzima, kitenge kimefungwa kifuani, akaliangalia gitaa.

"Ni wewe uliyekuwa unaimba mle ndani, baba?"

Nikasema ndiyo, kwa bahati mbaya.

"Huku tulisikia kinanda. Gitaa hatukulisikia. Marehemu kaka yangu alikuwa na galatoni, akipiga hapo nje jioni, mama anaunguza mboga." Akachovya waya wa kusugulia kwenye maji. "Hebu piga kidogo."

Nikapiga. Polepole, mwendo wa sebuleni, taa zimezimwa. Niliimba kwa ile sauti ya kuombea chumvi. Mama alikuwa hajaacha kazi, na baada ya mstari wa kwanza nikagundua waya wake unakwaruza sufuria kwa mapigo yangu, kwaru, kwaru, kwa hatua ileile ya gumba. Wengine wakanyamaza. Mmoja aliyekuwa anamwaga maji akayamwaga taratibu, pembeni, yasipige kelele. Nilitamani kamati yote ipite hapo, na kalamu zao. Nikafika mwisho, nikaiacha kodi ya mwisho ilie mpaka ijiishie yenyewe, nikafumba macho.

"Wimbo mzuri sana, baba," akasema yule mama.

Nikainamisha kichwa.

"Ila huo uzi wa pili kutoka chini umelegea. Umelia vibaya tangu mwanzo mpaka mwisho."

Nikaupiga peke yake. Ulilegea kweli, na si kidogo. Ulikuwa umeshuka mpaka kwa jirani. Nikamwuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza majibu ya hospitali, kama anadhani na mle ndani ulikuwa hivyohivyo.

"Mle ndani nani angesikia?" akasema, akageuza sufuria. "Si kulikuwa na kinanda?"

Nikakaa kidogo na pilau langu. Kisha nikamwomba chenji ya elfu kumi, nikarudi ndani kumtafuta mpiga kinanda.